Mkia wa Wimbo wa Sogora

Shangazi yangu alikuwa msagaji wa nafaka. Mashine yake ilikaa kwenye kibanda cha bati ng'ambo ya njia, mkabala na lango letu, na ikishawashwa asubuhi hakuna mtu mtaani aliyehitaji kuamshwa. Humo kibandani watu hawakuzungumza naye kwa mdomo, maana ilikuwa kazi bure. Walizungumza kwa vidole. Kidole kimoja, saga mara moja. Viwili, rudia. Kiganja kikipungwa, basi, inatosha. Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi mpaka kandambili, nami nilimtania kwamba siku mvua ikimkuta njiani atafika donge. Alinijibu kwamba heri donge la unga kuliko mikono yangu iliyojaa mafuta ya vichwa vya watu.

Mtaani walimwita Mama Chenga. Zile chembe za nafaka zilizovunjika, zinazobaki kwenye chekeche unga ukishapita, wasagaji wengine huwagawia wafuga kuku. Yeye hakumpa mtu hata konzi moja. Zilikuwa za ndege wake, na mtu akizitolea macho alimwambia, "Hizo zina wenyewe, mdogo wangu. Tena wenyewe wanaimba. Kuku wako anaimba?"

Mimi ni mtoto wa kaka yake, na kazi yangu ni ususi. Nilihamia kwake nilipofungua saluni mtaa wa pili, nikapewa chumba cha uani ambacho dirisha lake linatazama kizimba cha ndege. Mwanzoni sikuwapenda. Mtu anayesimama kutwa nzima akisuka anataka kulala asubuhi, na wale walianza kabla hata hujaona mkono wako gizani. Nililalamika wiki ya kwanza, nikalalamika ya pili. Shangazi akasema mimi ni sikio la kufa, akaendelea kuchambua ulezi.

Lakini hata mimi, na ubishi wangu wote, sikuweza kupita pale bila kusimama. Kizimba alikijenga mwenyewe kwa fremu za milango mibovu na wavu wa seng'enge, kirefu kiasi cha mtu kuingia wima. Ndani alipanda kichaka cha kweli, akaweka karai la maji lenye jiwe katikati ili wadogo wasizame. Walikuwepo wadogo wa mashavu mekundu, wanaolala wamebanana kwenye kijiti kimoja kama watu wa benchi la zahanati. Walikuwepo tetere wawili, mume na mke, ambao kazi yao ilikuwa kukubaliana kwa kila jambo. Na walikuwepo chiriku, manjano vifuani na kijani kijani mgongoni, na hao ndio waliokuwa roho yake. Wote walianguliwa vizimbani, na wazazi wao vilevile. Ndege wa porini hakuwahi kumnasa hata mmoja.

"Huyo ana kwao," alisema. "Ukimtaka, mfuate."

Na kweli aliwafuata. Siku mashine ikipumzika alinivuta mpaka bondeni, nyuma ya matangi ya maji, tukakaa juu ya bomba kuukuu. Alinionyesha chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, akining'inia kwenye ua, mgongo uking'aa kijani na zambarau kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Alinifundisha kelele za ndege aitwaye shore, ambazo ni kama majirani wanaogombea kamba ya kuanikia nguo, lakini ukizizoea utazikosa zisipokuwepo. Mimi nilikuwa nikiona majani. Yeye, bila kugeuza shingo, alisema, "Yuko kwenye tawi la chini, anatazama huku, ana mdudu mdomoni ndiyo maana sauti inabanwa." Nilitafuta, nikamkuta vilevile alivyosema. Sijaona mtu mwingine anayefurahi kwa kukaa kimya kiasi kile. Uso wake wote ulikuwa ukisikiliza.

Bingwa wa bonde alikuwa kurumbiza. Huyu ana kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, kama aliyepakwa wanja wa chokaa, na sauti yake ni nene, imetulia, kama ya mtu anayepiga mluzi akijua hana haraka. Lakini hana wimbo mmoja. Huokota wa huyu, huokota wa yule, anaunganisha. Pale bondeni shangazi alimsikiliza mpaka akasahau kumeza mate. Nyumbani, akimwona kwenye ua wa miti unaozunguka kiwanja chetu, alimrushia taulo.

"Porini ni bingwa, kwangu ni mwizi," alisema. "Ndege mwigo hana mazoea."

Uadui huo ulikuwa na sababu. Chiriku kijana hazaliwi na wimbo kamili, hufundishwa. Shangazi alikuwa na dume mmoja mzee aliyeitwa Sogora, jina wanalopewa mafundi wa ngoma, na huyo ndiye alikuwa mwalimu wa wote. Vijana waliwekwa kwenye matundu madogo, wakafunikwa kitambaa ili wasiangaze macho huku na huku, wakapangwa karibu na Sogora wamsikie yeye tu. Wakati wa masomo hapakuwa na redio uani, wala mluzi, wala kufua kwa kupigapiga. Basi mwaka mmoja, kabla sijahamia, kurumbiza alikuwa ameokota mlio wa bawaba ya lango letu, akawa anaupiga kutoka kwenye ua asubuhi na jioni. Vijana wakausikia. Walipofunuliwa vitambaa mbele ya wageni, mmoja baada ya mwingine, wakaimba lango. Shangazi alitia bawaba mafuta siku hiyo hiyo, lakini kurumbiza aliendelea nao, na wale vijana walilia lango mpaka uzee wao.

Wimbo wa Sogora ulikuwa na sehemu tatu. Ulianza chini, kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Ukapanda, ukawa unakimbia na kugeuka. Halafu ukaja mkia, ndivyo alivyouita shangazi: uzi mwembamba wa sauti unaopanda, unasita, unapanda tena, unakatika. Kwenye mkia alifumba macho kila mara. Mashine ilikuwa imemlia masikioni kutwa, unga ulikuwa bado kwenye nyusi, na ule uzi mwembamba ulimvuta nje ya yote hayo. Aliniambia siku moja kwamba akiuona mchana mrefu hujisemea, vumilia, jioni kuna mkia. Nilimcheka. Baadaye nikajikuta nami, saluni, nina mteja mwenye maneno mengi, najisemea hivyohivyo.

Ndipo jioni moja akasema, "Sogora hajamaliza wimbo."

Nilikuwa naosha vitana. Sikujali, kwa sababu shangazi alikuwa mtu wa kuchambua. Kwake chiriku aliyekosea kidogo "hakuimba, alipiga kelele." Akisema fulani haimbi, alikuwa na maana haimbi anavyotaka yeye. Hata alipoanza kurudia kila siku kwamba mkia umekatika, kisha kwamba sasa hata katikati imekufa, mimi niliyeamshwa na Sogora yuleyule alfajiri nilidhani ni mambo ya mafundi wenyewe kwa wenyewe. Mimi na masikio yangu ya saluni ningejua nini?

Alibadilisha chakula. Alichemsha maji, akayapoza, akayachuja. Alihamisha tundu la Sogora kutoka upande wa jua kwenda kivulini, akalirudisha. Alinituhumu mimi na dawa zangu za nywele, nikaanza kuzifungia saluni. Mwishowe akajituhumu mwenyewe.

"Ni unga," alisema. "Nawaletea vumbi kifuani kila jioni. Nimewaua vifua, mwanangu. Miaka yote hii nawaingilia na nguo za mashine."

Akaanza kuoga kabla ya kuwasogelea, na kuvaa gauni safi, na kujifunga kitambaa puani. Hata hivyo, Sogora kwake alibaki bubu. Akavunja masomo. Vijana walitolewa vitambaa wakarudishwa kizimbani bila wimbo wa kueleweka. Taulo la kumrushia kurumbiza lilibaki kwenye kamba, na yule mwizi, akiona hafukuzwi, akahamia kabisa kwenye tawi la ua lililo karibu na Sogora. Nilimwona mara nyingi, amekaa kimya, ameinamisha kichwa upande.

Mtu ambaye angeweza kutuokoa mapema alikuwa Fundi Saa. Huyu hutengeneza saa kwenye kibaraza cha duka la vitabu, na ni mfuga chiriku mwenzake wa siku nyingi. Alikuja, akanywa chai, Sogora akaimba mbele yake wimbo mzima. Lakini wafuga ndege wana adabu yao. Mgeni hasemi neno juu ya ndege mpaka mwenyewe aseme, na mwenyewe akisema, mgeni hapingi. Haifai kumsifu ndege wa mwenzako, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wala kumkosoa. Shangazi akasema, "Umemwona, amekwisha." Fundi Saa akatazama ndani ya kikombe chake, akasema, "Wewe ndiye unayemjua, dada."

"Basi uje uwachukue," shangazi akamwambia. "Wote. Kwako hakuna vumbi. Huenda wakapona."

Fundi Saa alikubali kwa kichwa. Mimi nilitoka nje. Niliyeomba miaka yote nilale asubuhi, sasa nilikuwa napewa usingizi, na sikuutaka. Kizimba kile kingebaki wavu na kichaka, na shangazi angerudi jioni kutoka kwenye mashine kuja kwenye nini?

Asubuhi ya siku ile waliyopatana, nilimkuta amesimama mbele ya Sogora na kopo la chenga mkononi. Ndege alikuwa juu ya kijiti, kifua mbele, manyoya ya koo yamesimama, anaimba kwa nguvu zake zote. Alikuwa amefika kwenye mkia. Nilisimama nikausikiliza ukipanda.

"Unamwona?" shangazi akasema, kwa huruma. "Anafungua mdomo maskini. Kama mtu anayetafuta chafya. Hatoi kitu."

Nikamtazama. Hakuwa anatania, wala hakuwa anachambua. Mambo yakaanza kuja yenyewe: simu yangu inayolia mezani mbele yake asiinue kichwa, nikadhani ananidharau. Kengele ya baiskeli ya muuza maziwa, ambayo siku hizi ilimkuta katikati ya njia. Namna alivyokuwa akinitazama midomo nikizungumza, nikadhani ananiona nimenenepa mashavu.

"Shangazi," nikasema. "Anaimba."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Anaimba sasa hivi. Kamaliza mkia."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Umeona koo linacheza, ndiyo unasema anaimba."

Mtu ukimwambia sauti ipo naye haisikii, utamwonyesha nini? Ndipo nikakumbuka kibanda cha bati. Nikampa Sogora kisogo kabisa, nikasimama nikimtazama shangazi, nikainua kidole kimoja mbele ya uso wake.

"Mimi simwoni," nikamwambia. "Wewe mtazame koo. Kidole kikiwa juu, namsikia. Kikishuka, kanyamaza."

Sogora alianza chini kama kawaida yake, nikainua kidole. Akasita, nikashusha. Akakimbia, akageuka, nikawa natikisa kidole juu juu, nikahisi machozi yananitoka nami nimekaza uso. Shangazi alitazama koo, akatazama kidole, akatazama koo. Kwenye mkia nilipandisha kidole taratibu, nikasita, nikapandisha tena, nikakunja ngumi pale wimbo ulipokatika. Kopo la chenga likamtoka mkononi. Akakaa kwenye kistuli.

Nilijiandaa kwa kilio. Mashine ilikuwa imemla masikio, ikianza na sauti nyembamba, zile alizozipenda kuliko zote, na mimi ndiye niliyemletea habari. Alikaa akitazama chenga zilizomwagika. Halafu akainua uso, na sitausahau uso ule.

"Kwa hiyo hawaumwi," akasema.

"Hawaumwi, shangazi."

"Vifua vyao vizima."

"Vizima kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema, akajifuta macho kwa kiganja. "Nilidhani nimewaua." Akamtazama Sogora. "Na mkia upo wote? Mpaka pale anaposita?"

"Wote. Anasita, anapandisha tena."

Akatikisa kichwa polepole, kama aliyeletewa salamu za mtu aliyemdhani amekufa. Nimewahi kusuka maharusi na wakubwa, nimesifu watu wengi kwa sababu ndiyo biashara yangu. Yule mwanamke, aliyetoka kupoteza kitu alichokipenda kuliko vyote, alianza kwa kushukuru kwamba ndege ni wazima. Yeye nilimsifu moyoni bure, na ninamsifu mpaka leo.

Lakini hakubadili nia. Nilidhani baada ya hapo tutamwambia Fundi Saa asije, naye akanikatalia. "Mwimbaji anataka msikilizaji," alisema. "Vijana watafundishwa na nani kama mwenye kusahihisha hasikii kosa? Nitawarudisha kwenye malango. Wacha waende kwa mwenye masikio." Nikabishana naye kwa mdomo, nikabishana kwa vidole. Hakusogea.

Alasiri Fundi Saa akafika na matundu madogo yamefunikwa vitambaa. Tukanywa chai, kama adabu inavyotaka. Shangazi akamweleza yote bila kuficha. Mzee akaweka kikombe chini.

"Dada, mimi nilimsikia siku ile," akasema. "Nikanyamaza kwa adabu."

"Adabu yetu itatuzika," shangazi akamjibu, wakacheka wote wawili, kicheko kisichofika mbali. "Haya, twende tukawakamate kabla sijaghairi."

Waliingia kizimbani. Shangazi alichukua lile taulo kwenye kamba, maana chiriku hukamatwa kwa kufunikwa taratibu. Ndege wakaruka huku na huku, tetere wakalalamika kwa pamoja, Fundi Saa akaomba radhi kwa kila aliyemkosa. Nilisimama mlangoni nimeshika tundu la kwanza likiwa wazi.

Ndipo kurumbiza akaanza, kule kwenye ua wa miti.

Alianza na bawaba ya lango, kama kutusalimu. Shangazi aligeuka upesi, taulo mkononi, kwa mazoea ya miaka. Mkono ulishainuka. Halafu yule mwizi akanyamaza, akajitikisa, akatoa maji kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba.

Ulikuwa wimbo wa Sogora. Alikuwa ameukalia siku zote zile ambazo hakuna aliyemfukuza, ameuokota wote, na sasa aliutoa kwa sauti yake mwenyewe, nene, ya chini, bila haraka. Ukapanda. Ukakimbia, ukageuka. Mkono wa shangazi ulibaki juu na taulo likining'inia. Fundi Saa alitaka kusema neno, nikamwonyesha kiganja. Ukaja mkia. Kwa Sogora ni uzi. Kwa kurumbiza ulikuwa kamba, lakini ulikuwa mkia uleule, ukipanda, na shangazi yangu akafumba macho.

Ulipokatika, shangazi alishusha taulo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Amekosea," akasema.

"Nini?"

"Pale mwisho. Sogora anasita, anapandisha tena. Huyu kasita, kateremka." Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni, naye amekunja uso kwa ukali kabisa. "Mvivu. Miaka yote anaiba, hajajifunza kuiba mpaka mwisho. Fundi, weka chini hayo matundu yako."

Fundi Saa aliyaweka chini upesi kuliko alivyoyaleta. Shangazi akatoka kizimbani, akaning'iniza taulo kwenye kamba, akachukua kistuli chake ambacho siku zote kilikaa mbele ya Sogora. Akakipeleka taratibu mpaka karibu na ua wa miti, akakaa. Kurumbiza alimtazama kwa lile jicho lenye mstari mweupe, akasogea kidogo kwenye tawi, hakuruka.

Shangazi akainua vidole viwili. Lugha ya mashine yule ndege hakuijua, lakini alirudia.